Maswali ya Wasomaji: Safari ya Ufuko wa Sandwood, Kaskazini ya Uskoti

Toleo lililopita la gazeti hili lilibeba picha ya ukurasa mzima ya ufuko wa Sandwood, ulioko Sutherland, katika pembe ya kaskazini-magharibi kabisa ya Uskoti. Tangu lilipotoka, wasomaji waishio Uingereza na hata walioko nyumbani wametuandikia wakitaka kujua namna ya kufika, majira yanayofaa, na kama mtu anaweza kuoga baharini kule. Nimefika Sandwood mara tatu na napapenda sana, na kwa sababu hiyo hiyo ninataka kila anayekwenda arudi salama. Nimechagua barua nne.

Ndugu Mhariri wa safu, mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Glasgow pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 13. Mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 67, amekuja kututembelea na atakuwa nasi hadi mwisho wa Oktoba. Amekulia Pangani, na tangu afike hunung'unika kwamba hajaiona bahari. Watoto wameipenda picha ya Sandwood na wanataka tumpeleke bibi huko katika likizo fupi ya Oktoba. Je, safari hii inatufaa, na tujiandae vipi?
*Mama wa wawili, Glasgow*

Dada yangu, nianze na mama, kwa kuwa yeye ndiye mwenye safari. Ufuko wa Sandwood hauna barabara ya umma ya gari. Gari huachwa Blairmore, kitongoji cha nyumba chache, na kuanzia hapo ni kutembea kwa miguu kilomita 6 na nusu kwenda na nyingine kama hizo kurudi, bila kibanda wala mti wa kujibanza mvua ikinyesha. Mtu mzima mwenye miguu mizuri hutumia kama saa mbili kwa upande mmoja. Njia yenyewe haina mlima wa kutisha: mwanzoni ni pana na imara, hupita kando ya maziwa madogo yenye maji meusi, kisha inakuwa nyembamba na yenye mawe, mahali pengine ina matope yanayobonyea kama sifongo, na mwishoni hushuka hadi kwenye matuta ya mchanga. Mteremko huo wa mwisho huwaponza wengi, kwa sababu mtu huufurahia anaposhuka, na baadaye hulazimika kuupanda akiwa amechoka, kila hatua ikizama mchangani.

Bibi aliyekulia Pangani huenda amewahi kutembea mbali zaidi ya hapo, nami sina shaka na moyo wake. Ninachokiogopa ni kurudi. Katikati ya njia hiyo goti likikataa, hakuna bodaboda wala gari la kumfuata, na simu mara nyingi haishiki mtandao. Kwa hiyo nakushauri mgawane. Kilomita chache kabla ya kufika Blairmore, karibu na bandari ya wavuvi ya Kinlochbervie, kuna ufuko wa Oldshoremore, ambao unafikiwa kwa matembezi mafupi tu kutoka gari linapoegeshwa. Mchanga wake ni mweupe, umechanganyika na chembe za makombe, na nyuma yake kuna uwanda wa nyasi fupi ambao wakati wa kiangazi hujaa maua. Mama aketi hapo akiwa amevaa vizuri, apate chai yake, aisikie bahari hadi aridhike. Mtoto wa miaka 9 abaki na bibi yake na mmoja wenu, na yule wa miaka 13 aende Sandwood na mzazi mwingine, ikiwa hali ya hewa itakuwa nzuri. Najua watoto watalalamika, lakini kwa familia yako sioni njia nyingine ya busara.

Oktoba si mwezi mbaya, ila ni mwezi wa kigeugeu. Katikati ya mwezi mnakuwa na mwanga wa saa kumi hivi kwa siku, tofauti na saa kumi na mbili tulizozoea nyumbani mwaka mzima, na dhoruba za Atlantiki zimeshaanza kufuatana. Anayeweza kuchagua ningemwambia aende kati ya mwanzo wa Mei na mwanzo wa Juni, wakati mchana ni mrefu na usubi haujazidi. Ninyi hamna uchaguzi huo, basi angalieni utabiri wa hali ya hewa siku mbili kabla na asubuhi ile ile ya kuondoka, na muuangalie upepo kabla ya joto. Joto likiwa nyuzi 5 na upepo ukavuma kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, mwili huona baridi kama ya nyuzi 1 chini ya sifuri, na hapo mtu bado ni mkavu. Akilowa, hali yake inakuwa mbaya zaidi.

Hilo nalijua kwa mwili wa mwanangu. Safari yetu ya kwanza tulikwenda Aprili, jua likiwaka, na mimi nikamwacha mwanangu wa miaka kumi na miwili avae suruali yake ya jinzi kwa sababu nilichoka kubishana naye. Tulifika, tukala, akakimbizana na mawimbi hadi suruali ikalowa magotini, na wala sikuona kosa lolote. Tulipoanza kurudi upepo ukageuka, yakaja manyunyu mepesi ya mvua ambayo nyumbani mtu hata hafungui mwavuli. Baada ya nusu saa mtoto aliacha kuzungumza. Nikampa pakiti ya biskuti, akaishika kwa vidole vyote kumi na akashindwa kuichana, akabaki anaitazama tu, midomo yake imepauka. Nikamvua ile jinzi pale pale njiani, nikamvalisha suruali yangu ya ndani ya sufu, nikamfunika koti langu na kumnywesha chai ya sukari kutoka kwenye chupa, na njia ya saa mbili tukaitembea kwa zaidi ya saa tatu. Aliamka salama kesho yake. Mimi sikulala.

Ndiyo maana nasema jinzi na nguo zote za pamba zibaki nyumbani. Pamba ikilowa hushika maji na kuendelea kuupoza mwili. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nailoni ya michezo, juu yake sweta nene, na juu kabisa koti la mvua pamoja na suruali ya mvua, kwa sababu watu wengi hununua koti na kusahau kwamba mapaja ndiyo yanayopigwa na upepo. Kofia na glavu ni lazima hata mwezi wa Juni, na kila mtu abebe jozi moja ya akiba ya soksi ndani ya mfuko wa plastiki. Viatu viwe mabuti yanayoshika vifundo. Kwa mama, akipenda kuvaa dera au buibui lake, avae suruali nene ya sufu ndani na nguo ya juu isiburure chini, kwa kuwa upepo wa kule hulijaza vazi pana kama tanga na unaweza kumwangusha mtu. Kanga zake mbili azichukue, ni nzuri za kujifunga kichwani na shingoni chini ya kofia ya koti.

Kuhusu barabara, kutoka Glasgow hadi Inverness ni kama kilomita 270, na kutoka Inverness hadi Kinlochbervie ni takriban kilomita 150 nyingine, kwa hiyo msijaribu kwenda na kurudi siku moja. Laleni njiani, au laleni huko huko. Baada ya kijiji cha Lairg barabara inakuwa ya njia moja kwa sehemu kubwa, yenye vituo vya kupishania, na kondoo hulala juu ya lami kana kwamba ni zizi lao. Kituo cha kupishania si mahali pa kuegesha gari wala pa kupigia picha, na mwenyeji akiwa nyuma yako na ana haraka, ingia kituoni umpishe. Jazeni mafuta mapema, maana vituo ni vichache na vingine hufungwa jioni.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili Aberdeen, mwenyeji wa Likoni, Mombasa. Naogelea tangu utotoni na nimeshaogelea mara nyingi hadi kwenye mwamba na kurudi. Mimi na wenzangu watatu tunataka kupiga kambi Sandwood mwezi wa Agosti na kuogelea kila asubuhi. Wenzangu wanasema maji ni baridi tu na baridi ni ya kuzoea. Je, kuna hatari gani ambayo mwogeleaji mzuri anapaswa kuijua?
*Mwana wa Likoni, Aberdeen*

Mwanangu, umeuliza mapema na nakushukuru. Kinachokudanganya ni kwamba mchanga wa Sandwood unafanana na wa kwetu. Umenyooka kwa zaidi ya kilomita mbili, una rangi ya waridi hafifu kwa ajili ya mwamba mwekundu uliosagika, na siku ya jua maji huonekana ya samawati kama ya Diani. Ila bahari iliyo mbele ya mchanga huo ni nyingine kabisa, na ustadi ulioupata Likoni utakusaidia kwa sehemu ndogo tu.

Kwanza ni huo mwamba uliousema. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe ambao huvunja mawimbi mbali, na sisi tumelelewa ndani ya maji yaliyotulia, tukayaita bahari. Sandwood haina mwamba wa namna hiyo wala kisiwa cha kuukinga. Mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba katikati ya Atlantiki, pengine siku mbili kabla, huja moja kwa moja hadi mchangani hata kama siku yenyewe haina upepo. Huja kwa mafungu: utayaona madogo kwa dakika kumi, kisha yakaja matatu makubwa yanayopanda hadi pale ulipoweka viatu. Maji hayo yote yaliyorundikana ufukweni yanatafuta njia ya kurudi, na hurudi kwa mkondo mwembamba wenye nguvu unaovuta kuelekea kilindini. Mahali penye mkondo huo mara nyingi uso wa maji huonekana shwari kuliko pembeni, na mgeni huchagua kuingia hapo hapo. Ukikuvuta usipigane nao kurudi moja kwa moja, kwa sababu hakuna mkono wa binadamu unaoushinda; ogelea sambamba na ufuko hadi utoke, ndipo urudi. Hakuna walinzi wa waogeleaji Sandwood, wala hakuna bendera za kukuonyesha mahali pa kuingia.

Pili ni baridi yenyewe, na hapa wenzako wanakosea. Maji ya Mombasa huwa kati ya nyuzi 25 na 29 mwaka mzima. Ya Sandwood mwezi wa Agosti, ambao ni wa joto kuliko karibu miezi yote, ni kama nyuzi 13, na mwisho wa majira ya baridi hushuka hadi 7 au 8. Mtu akiingia ghafla kwenye maji yaliyo chini ya nyuzi 15, mwili wenyewe huvuta pumzi kwa nguvu bila yeye kutaka, kisha hupumua mbio mbio kwa dakika moja au zaidi na moyo hudunda kwa kasi. Ikiwa wimbi limemfunika usoni wakati ule wa kuvuta pumzi, amekunywa bahari. Hilo huwapata waogeleaji hodari sawasawa na wasiojua kuogelea. Akilivuka, baada ya dakika kama kumi damu inakimbia mikono na miguu ili ilinde kifua, vidole havifungi, na yule aliyekuwa anakata maji anaanza kupapasa. Wengi huzama wakiwa katika hatua hizi mbili, kabla baridi haijafika moyoni.

Shirika la uokoaji baharini la Uingereza, RNLI, ambalo limekuwa likiokoa watu tangu 1824, hufundisha jambo moja ambalo naomba ulijaribu kwenye bwawa la chuo kabla ya Agosti. Ukiangukia maji baridi, usianze kuogelea. Lala chali, acha masikio yaingie majini, inua kidevu, tanua mikono na miguu, na ungoje mpaka pumzi irudi. Baada ya hapo ndipo uamue kama ni kuogelea au kuita. Na mwenzako akikwama, usimfuate majini. Mrushie kamba, begi lililofungwa hewa ndani, chochote kinachoelea, umwelekeze alale chali, huku mwingine anakimbilia mahali penye mtandao na kupiga 999 na kuomba walinzi wa pwani. Boti za uokoaji zilizo jirani ziko Lochinver na Thurso, na zote mbili ni mbali. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi hupita mahali sauti haipiti, ila namba yako ni lazima iwe imesajiliwa mapema kwa kutuma neno «register» kwenda 999. Fanya hivyo leo hii.

Je, msiguse maji kabisa? Siku ya bahari tulivu, maji yakiwa yanajaa polepole, mnaweza kuingia hadi magotini mkiwa wawili wawili, na mwenye vazi la mpira la kuogelea anaweza kufika kiunoni. Kuogelea kila asubuhi nasema hapana, mwanangu, na nasema nikijua kwamba umri wako hauipendi hapana. Nyuma ya matuta kuna ziwa la Sandwood, la maji baridi yasiyo na chumvi. Halina mawimbi, lakini baridi yake ni ile ile, kwa hiyo kanuni ya kuingia ni hiyo hiyo.

Kuhusu kambi, sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea na kupiga hema kwa uangalifu hata katika mashamba ya wengine. Ardhi ya Sandwood inamilikiwa na shirika la uhifadhi la John Muir Trust tangu 1993, na wenyeji hulisha kondoo humo. Pigeni hema kwenye nyasi imara, msikanyage matuta yanayoshikiliwa na mizizi, msiwashe moto, chooni mchimbe shimo mbali na maji, na takataka zote mrudi nazo, hata ganda la chungwa.

Shikamoo, Mhariri. Mimi ni mzee mstaafu, mzaliwa wa Unguja, naishi Leicester. Sisi wazee wanne wa msikiti mmoja, bado tuna nguvu za kutembea, tumepanga kwenda Sandwood wiki ya mwisho ya Desemba kwa kuwa tumesikia mwanga wa wakati huo ni mzuri wa picha. Tunaomba kujua hali ya mchana kule na namna ya kupanga swala.
*Mzee wa Leicester*

Marahaba kwa salamu, ingawa nilipaswa kuanza mimi, Mzee wangu, shikamoo. Mwanga wa Desemba ni mzuri kweli, jua halipandi na vivuli vinakuwa virefu mchana kutwa, ila ni mchache mno. Kule jua huchomoza saa tatu na dakika chache asubuhi na kuzama kabla kidogo ya saa tisa na nusu alasiri. Saa yetu ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabu jua linapochomoza, huko haifuati jua hata kidogo. Mnapata mchana wa saa sita na dakika ishirini hivi, na kwenda na kurudi pekee kunakula saa nne, tena kwa kijana. Wakati wa kukaa ufukweni unabaki saa moja, labda moja na nusu. Anzeni kutembea wakati kunapambazuka, na ikifika saa tano na nusu hamjaiona bahari, geukeni. Kila mmoja awe na tochi ya kichwani yenye betri mpya, hata kama mna hakika ya kurudi mapema, na ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, namba 9 katika mfululizo wa Landranger, kwa kuwa simu hufa haraka kwenye baridi.

Kwa upande wa swala, siku hizo Adhuhuri huingia baada ya saa sita na robo, Alasiri huifuata kwa takriban saa moja tu, na Magharibi ni kama saa mbili baada ya Alasiri. Wasafiri kutoka Leicester wana ruhusa ya kupunguza na kujumuisha, na sheikh wenu atawaelekeza vizuri kuliko mimi. Ninachoweza kusema ni cha mahali penyewe: kibla kwa kule ni kusini-mashariki, na ghuba ya Sandwood inatazama kaskazini-magharibi, maana yake mkisimama kuswali mtaipa bahari mgongo. Nimekwisha kusema habari za mawimbi yanayokuja kwa mafungu. Basi pandeni juu ya matuta, mahali penye nyasi, na msiswali kwenye mchanga uliolowa hata kama unaonekana safi na tambarare. Udhu mchukue asubuhi nyumbani mnakolala, kwa maji ya moto, na mjitahidi kuuhifadhi, kwa sababu kulowesha miguu na mikono katika upepo ule ni jambo la kumtafutia mzee maradhi.

Nikiwa kijana wenu naomba mniruhusu neno moja. Dhoruba ikitabiriwa, msiseme kwamba mmeshalipia vyumba. Picha mtaipiga Oldshoremore, dakika chache kutoka garini.

Mhariri, ninaishi Nairobi na nitakuwa Uskoti mwezi wa Julai kumtembelea dada yangu. Nimesikia kwamba usubi wa kule ni mkali, na kwamba huko Sandwood kuna nguva. Mwanangu wa miaka minane ananisumbua na hili la nguva. Kwa kweli kuna nini cha kuona kwa safari yote hiyo ya miguu?
*Mama Nairobi*

Mama, usubi ni kweli. Hutoka kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba, kwa wingi asubuhi na jioni, siku isiyo na upepo. Ni mdudu mdogo kuliko mbu, huja kwa maelfu na huingia puani na masikioni. Kwa bahati nzuri hawezi kuruka upepo ukivuma, na ufukweni penyewe upepo haukosekani. Kaeni kwenye mchanga, mbebe chandarua cha kichwani na dawa ya kujipaka, na msisimame sana karibu na maziwa. Kupe ndio wa kuwaogopa zaidi, kwa kuwa hawawashi na wengine wana ugonjwa wa Lyme. Mtoto avae suruali iliyoingizwa ndani ya soksi, na jioni umkague nyuma ya magoti, kwapani na kwenye mstari wa nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute taratibu, usimpake mafuta. Mtoto akiona ndege aliyekufa mchangani asimguse, maana homa ya mafua ya ndege iliua ndege wengi wa bahari wa Uskoti mwaka 2022.

Sasa la nguva. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1900 mchungaji mmoja aliyekuwa akitafuta kondoo alimwona nguva amelala kwenye mwamba pale Sandwood, akamwapia kila aliyemuuliza kwamba hakukosea. Mwambie mwanao hivyo, na umwambie pia kwamba kwa Kiswahili nguva ni mnyama wa kweli wa bahari yetu, ambaye hata Kenya sasa haonekani ila mara chache mno. Sandwood atakayemwona akitoa kichwa majini ni sili wa kijivu, mwenye macho makubwa ya huzuni, anayewafuata watu wanaotembea ufukweni kana kwamba anawahesabu. Mimi mmoja alinifuata kutoka mwanzo wa mchanga hadi mwisho.

Jina la Sandwood nalo lina kisa. Anayejua Kiingereza hudhani pana msitu, na kumbe hakuna mti. Jina hilo waliliacha Wanorwe wa kale, mabaharia waliopita hapo kwa majahazi yao, na linafahamika kuwa na maana ya maji ya mchanga. Kiasi cha kilomita 12 kuelekea kaskazini iko rasi ya Cape Wrath, ambayo jina lake kwa Kiingereza husikika kama ghadhabu, ingawa asili yake ni neno la Wanorwe hao la mahali pa kugeukia, pale chombo kilipogeuza tanga kuelekea nyumbani. Mnara wa taa wa rasi hiyo ulijengwa mwaka 1828 na Robert Stevenson, kwa sababu merikebu nyingi zilikuwa zimevunjika katika pwani hii. Msifike huko bila kuuliza, kwa kuwa eneo la nyuma ya rasi ni uwanja wa mazoezi ya kijeshi ya kulenga mabomu, na bendera nyekundu zikipandishwa hakuna anayeruhusiwa kuingia.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kiko upande wa kusini wa ufuko. Ni nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake baharini, kiasi cha mita 65 kwenda juu, iitwayo Am Buachaille, yaani Mchungaji kwa Kigaeli. Mwamba wake mwekundu una umri wa takriban miaka bilioni moja, na umelala juu ya mawe ya kijivu yenye umri wa hadi bilioni tatu. Nendeni maji yakiwa yamekupwa. Kwa hesabu hiyo hamhitaji Mskoti wa kuwafundisha, kwa kuwa mwezi ni ule ule: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hutoka mbali na kurudi kwa nguvu, na katikati yake ni maji mafu. Magharibi ya Julai huko ni saa nne usiku hivi, kwa hiyo mnaweza kuketi kwenye matuta baada ya chakula cha jioni na bado mkaona njia ya kurudi. Mwanao atakapochoka, mweke mahali pakavu, upepo ukiwa mgongoni, atazame jinsi wimbi linavyopanda nusu ya ile nguzo, likavunjika kuwa jeupe tupu, na sauti yake kumfikia muda kidogo baada ya yeye kuliona.